Daktari Anajibu: Chanjo ya Influenza Humkinga Mtoto wa Shule kwa Kiasi Gani?

Barua nne kati ya zilizotufikia kutoka mikoa ya Dodoma na Singida zinauliza jambo moja kwa njia tofauti, nasi tumeona ni vema zijibiwe pamoja. Barua zimefupishwa, na majina ya waandishi tumeyahifadhi.

Daktari, habari za kazi. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Nkuhungu, Dodoma. Likizo ya Juni mwanangu wa darasa la tatu, mwenye miaka minane, alikwenda kwa mama yake mkubwa Dar es Salaam, na huko akapelekwa hospitali binafsi akachomwa sindano moja ya chanjo ya mafua. Tulilipa wenyewe, na kwetu haikuwa fedha ndogo. Tangu arudi ameugua mafua mara mbili, na mara ya pili alikosa shule. Je, chanjo hiyo inafanya kazi kweli, au tumetapeliwa? Na je, achomwe tena mwakani?

Mama, pole kwa kuuguza na pole kwa gharama. Hamkutapeliwa, ila inaelekea hakuna aliyekaa nanyi akawaeleza mnanunua nini. Chanjo ile imetengenezwa dhidi ya virusi vya influenza peke yake, aina ya A na ya B, na haina uwezo wowote juu ya virusi vingine zaidi ya mia mbili vinavyoleta kamasi, chafya na kikohozi, vikiongozwa na vile vya kundi la rhino, ambavyo mtoto wa shule ya msingi anaweza kuvipata mara kadhaa ndani ya mwaka mmoja. Kwa Dodoma ongezeni upepo na vumbi la Agosti na Septemba, ambalo huwasha pua na koo hata pasipokuwa na kirusi chochote. Kuihukumu chanjo hii kwa kamasi za kila aina ni sawa na kulala ndani ya chandarua, kisha kukilaumu kwa sababu siafu wamepanda kitandani.

Influenza yenyewe kwa kawaida huja kwa ghafla na kwa nguvu: homa kali, maumivu ya kichwa na ya mwili mzima, kikohozi kikavu, na mtoto aliyekuwa akicheza mpira asubuhi jioni anakataa chakula na kutaka kulala tu. Hata hivyo dalili hizo hazitoshi kuthibitisha ugonjwa. Kinachothibitisha ni kipimo cha sampuli kutoka puani au kooni, na kwa kuwa watoto wengi wanaofikishwa kwenye vituo vyetu hawapimwi influenza bali hupimwa malaria (na ni sahihi kuanza na malaria), mzazi hubaki akikisia. Kwa hiyo siwezi kukuambia kama mwanao aliugua influenza mara hizo mbili, ila kama alikuwa na kamasi nyingi, chafya na homa ndogo, basi uwezekano mkubwa ni kwamba hakuugua.

Sasa nikupe takwimu, kwa maana ndizo ulizoziomba. Mwaka 2018 shirika la Cochrane, linalokusanya na kupima majaribio ya kitabibu, lilichapisha mapitio ya majaribio 41 yaliyohusisha watoto zaidi ya 200,000. Kwa watoto wa miaka 2 hadi 16, chanjo ya sindano yenye virusi vilivyouawa ilipunguza idadi ya wanaopata influenza katika msimu mmoja kutoka takriban watoto 30 katika kila 100 hadi takriban 11. Maana yake ni kwamba, mahali ambapo virusi vinasambaa kwa kiwango hicho, kuwachanja watoto watano kunamwepusha mtoto mmoja na influenza. Lakini mapitio hayohayo yalipohesabu kila ugonjwa unaofanana na influenza, yaani homa na kikohozi bila kujali kirusi kilichosababisha, upungufu ulikuwa mdogo zaidi, kutoka watoto 28 hadi 20 katika kila 100. Tofauti kati ya hesabu hizo mbili ndiyo iliyokukwaza wewe, kwani maabara huona influenza tu, ilhali mama nyumbani huona kila kinachomlaza mtoto.

Watu wengi wakisikia kwamba ufanisi wa chanjo ni asilimia 60 hudhani kwamba kati ya watoto 100 waliochanjwa, 40 wataugua. Sivyo. Asilimia hiyo inalinganisha makundi mawili, waliochanjwa na wasiochanjwa. Kama virusi ni vichache mwaka huo na katika watoto 100 wasiochanjwa wangeugua 10 tu, chanjo yenye ufanisi wa asilimia 60 itawaacha wanne wakiugua, na wale 90 wengine wasingeugua hata bila sindano. Faida anayoipata mtoto mmoja inategemea ubora wa chanjo pamoja na wingi wa ugonjwa unaozunguka, na kiasi hicho hakuna anayekijua kabla msimu haujapita.

Ufanisi wenyewe nao haukai mahali pamoja. Virusi vya influenza hubadilika kila mara, hususan tawi la A linaloitwa H3N2, wakati chanjo nyingi hukuzwa katika mayai ya kuku kwa kazi inayochukua takriban miezi sita. Shirika la Afya Duniani hukutanisha wataalamu mara mbili kwa mwaka, Februari kwa ajili ya nusu ya kaskazini ya dunia na Septemba kwa ajili ya nusu ya kusini, ili wachague virusi vitakavyowekwa ndani ya chanjo ya msimu unaokuja. Wakipatia, tathmini za Marekani huonyesha kwamba chanjo hupunguza hatari ya kwenda hospitalini kwa sababu ya influenza kwa asilimia 40 hadi 60. Katika msimu wa 2014 hadi 2015 virusi vya H3N2 vilikuwa vimekwishabadilika kabla chanjo haijafika kwa watu, na ufanisi ukaanguka hadi asilimia 19 hivi. Chanjo ya surua haina tabia hiyo, na mzazi aliyezoea chanjo ya surua ana haki ya kushangaa.

Mbona basi madaktari wanaendelea kuitetea? Sababu iliyo nzito kwangu ni kwamba kinga yake huonekana zaidi kadiri ugonjwa unavyokuwa mkali. Utafiti uliofanywa Marekani kwa misimu ya 2010 hadi 2012 ulikuta kwamba watoto waliochanjwa walikuwa na hatari ndogo kwa takriban asilimia 74 ya kulazwa katika chumba cha wagonjwa mahututi kwa sababu ya influenza. Mwingine, uliochapishwa mwaka 2017, ulichunguza vifo vya watoto na kukuta kwamba chanjo ilipunguza hatari ya kufa kwa influenza kwa asilimia 65 kwa watoto wasio na maradhi mengine, na kwa asilimia 51 kwa wale wenye maradhi ya kudumu. Vifo vya namna hiyo ni vichache katika umri wa kwenda shule, na sipendi kumtisha mzazi kwa jambo lisilotokea mara nyingi, lakini ukichanja kwa hofu ya ugonjwa mkali unakuwa na hoja yenye nguvu kuliko ukichanja kwa kuchoshwa na kamasi.

Utauliza kama matokeo ya Marekani yanatuhusu sisi. Ni swali la haki, na majibu kutoka barani kwetu yanatufundisha kuwa waangalifu. Nchini Senegal, katika vijiji vya Niakhar, watoto wa miezi 6 hadi miaka 10 walipewa chanjo ya sindano mwaka 2009, na ingawa virusi vilivyokuwa vikizunguka havikulingana vizuri na vile vya kwenye chanjo, hatari ya kupata influenza ya H3N2 ilipungua kwa takriban asilimia 44. Mwaka 2013 nchi hiyohiyo ilijaribu chanjo ya kupuliza puani, yenye virusi hai vilivyodhoofishwa, kwa watoto wadogo wa miaka 2 hadi 5, na chanjo hiyo haikuonyesha kinga yoyote. Wakati huohuo jaribio la namna hiyo nchini Bangladesh lilionyesha ufanisi wa asilimia 57 na nusu. Marekani nako chanjo hiyo ya puani ilisitishwa kwa misimu miwili kuanzia mwaka 2016 kwa sababu ilikuwa dhaifu dhidi ya tawi la H1N1, kisha ikarudishwa ilipoboreshwa. Ndiyo maana mtu anapokuambia kwa kinywa kipana kwamba chanjo ya influenza inakinga au haikingi, inafaa umuulize ni chanjo ipi, ya mwaka gani, na kwa mtoto wa umri gani.

Kuhusu mwanao, kuna jambo moja uliloliandika bila kulitilia maanani. Mtoto aliye chini ya miaka tisa anayechanjwa influenza kwa mara ya kwanza katika maisha yake anatakiwa apate dozi mbili, zikipishana kwa wiki nne au zaidi, kwa sababu ile ya kwanza huutambulisha mwili tu na ile ya pili ndiyo inayoinua kinga ifikie kiwango cha kutosha. Baada ya mwaka huo wa kwanza, dozi moja kwa mwaka inatosha. Mwanao alipata moja, kwa hiyo kinga yake ni pungufu, na mhudumu aliyemchanja alipaswa kuwaambia. Isitoshe, kinga hiyo huchukua kama wiki mbili kujengeka, nayo hupungua kadiri miezi inavyokwenda.

Je, achomwe mwakani? Chanjo hii haimo katika ratiba ya taifa ya chanjo za watoto, na hupatikana zaidi katika baadhi ya hospitali binafsi na kliniki za chanjo za wasafiri kwenye miji mikubwa, kwa kulipia. Kama mtoto ni mzima, kama amekamilisha chanjo zote za ratiba, na kama fedha hiyo haitoki kwenye chakula au ada, kumchanja ni uamuzi mzuri. Kama fedha ni ya kubana, mimi ningeanza na kadi ya kliniki: niangalie kama watoto wote watatu wamepata dozi zote mbili za surua-rubella, na kama kuna binti aliyefikia umri wa chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi, niulize kama ameipata. Hizo hutolewa bure. Shirika la Afya Duniani lenyewe, katika msimamo wake wa mwaka 2022, limewatanguliza watumishi wa afya, wenye maradhi ya kudumu, wazee na wajawazito, na kuhusu watoto limeziachia nchi ziamue kulingana na hali zao.

Mheshimiwa Daktari, mimi ni mwalimu wa shule ya msingi wilayani Kongwa. Darasa langu lina wanafunzi zaidi ya themanini. Mmoja akianza kukohoa, wiki inayofuata nusu ya darasa wanakohoa, na wiki ya tatu ni zamu yangu. Nimesikia kwamba kuna nchi ambako watoto huchanjwa shuleni ili kuwakinga wazee nyumbani. Je, ni kweli, na sisi tungeweza kunufaika?

Mwalimu, ni kweli. Watoto wa shule huambukizwa influenza kwa wingi kuliko watu wazima na hutoa virusi kwa siku nyingi zaidi, kisha huvipeleka nyumbani kwa bibi na kwa mdogo wao anayenyonya.

Mfano unaotajwa sana ni wa Japani, ambako watoto wa shule walianza kuchanjwa kwa mpango maalumu mwaka 1962, sheria ikawalazimisha mwaka 1977, ikalegezwa mwaka 1987 na hatimaye mpango ukafutwa mwaka 1994. Watafiti walipochambua takwimu za vifo mwaka 2001 walikadiria kwamba mpango huo ulikuwa ukizuia vifo kati ya 37,000 na 49,000 kila mwaka, wengi wao wakiwa wazee ambao wenyewe hawakuchanjwa, sawa na kifo kimoja kwa kila watoto 420 waliochanjwa. Mimi huichukua hesabu hiyo kwa tahadhari, kwa kuwa inalinganisha miaka na miaka, na katika miaka hiyo mambo mengi mengine ya maisha ya Wajapani yalibadilika.

Ushahidi ninaouamini zaidi unatoka magharibi mwa Kanada, katika makazi ya Wahutterite, Wakristo wanaoishi kwa ujamaa mashambani, wakila pamoja na kutochangamana sana na miji. Katika msimu wa 2008 hadi 2009 makazi 49 yaligawanywa kwa kura: katika baadhi yake watoto wa miaka 3 hadi 15 walipewa chanjo ya influenza, na katika mengine walipewa chanjo ya homa ya ini aina ya A ili pasiwe na mtoto asiyepata kitu. Kisha watafiti wakawafuatilia wale ambao hawakuchanjwa kabisa. Katika makazi ambako watoto walikuwa na kinga ya influenza, watu wazima na wengine wasiochanjwa walipata influenza kwa kiwango cha chini kwa asilimia 61.

Zingatia, mwalimu, kwamba katika makazi yale watoto takriban wanane katika kila kumi walichanjwa. Wazazi watatu au wanne wenye uwezo wakiwachanja wanao katika darasa la watoto themanini, watawasaidia wanao hao na darasa halitaona tofauti. Faida unayoisema hupatikana pale tu nchi inapoamua, kama Uingereza ilivyoamua mwaka 2013 ilipoanza kuwachanja watoto wake kwa dawa ya puani hatua kwa hatua. Kwetu, fedha za kufanya hivyo kila mwaka kwa mamilioni ya wanafunzi zingeshindana na mahitaji ambayo kila mwalimu wa Kongwa anayajua, na sidhani kwamba influenza ingestahili kushinda.

Yaliyo mikononi mwako ni madirisha na mlango. Dodoma ina miezi mingi ya ukavu, na upepo wa Juni na Julai huwafanya walimu wafunge kila kitu kwa ajili ya baridi na vumbi, hivyo watoto themanini huvuta hewa ileile tangu asubuhi. Fungua madirisha ya pande mbili, angalau wakati wa mapumziko. Mtoto mwenye homa arudishwe nyumbani bila kuonekana mtoro, hadi homa iwe imekaa mbali kwa saa 24 bila dawa. Maji tiririka na sabuni navyo husaidia, japokuwa najua katika shule nyingi za wilaya yako maji ni shida yenyewe.

Mwanangu daktari, mimi ni bibi wa Kondoa, ninalea wajukuu wawili wanaosoma. Watu wanasema sindano hiyo ndiyo inayoleta mafua yenyewe. Sisi tumezoea limau, asali, na kujifukiza mvumbasi. Je, si inatosha?

Bibi, shikamoo. Sindano haiwezi kuleta influenza, kwa maana virusi vilivyomo vimekwishauawa. Inachoweza kuleta ni maumivu ya mkono, uchovu na wakati mwingine homa ndogo ya siku moja au mbili. Kwa kuwa kinga huchukua wiki mbili kujengeka, wako wanaougua katikati ya muda huo kwa virusi walivyokutana navyo njiani, na hapo ndipo maneno hayo yanapoanzia.

Asali na limau katika maji ya vuguvugu hutuliza koo na kikohozi, endelea navyo, mradi asali asipewe mtoto aliye chini ya mwaka mmoja. Kuhusu kujifukiza nakusihi usiwafunike watoto juu ya sufuria ya maji yanayochemka, kwa kuwa tunapokea watoto waliobabuka vibaya kwa njia hiyo. Tena usiwape aspirini kwa homa ya aina hii. Kwa mtoto mwenye influenza inaweza kuchochea ugonjwa wa nadra lakini hatari wa ini na ubongo. Parasetamoli kwa kipimo cha uzito wake inatosha.

Daktari, shikamoo. Naandika kutoka Manyoni. Binti yangu ana miaka kumi na mmoja, ana selimundu (siko seli), ule ugonjwa wa damu wa kurithi. Muuguzi wa kliniki alinishauri nimtafutie chanjo ya influenza, lakini hapa kwetu haipo. Je, nisafiri naye, na wakati gani wa mwaka?

Marahaba, baba. Muuguzi huyo amekushauri vizuri, na kwa binti yako jibu langu halina kusitasita kama nilivyositasita kwa mama wa Nkuhungu. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi duniani wanaozaliwa na selimundu, na kwa watoto hao influenza inaweza kuamsha maumivu makali ya mifupa, au kuingia kifuani na kuwalaza kwa kukosa pumzi. Wenye pumu ya kudumu, maradhi ya moyo, kisukari au maambukizi ya VVU wamo katika fungu hilohilo. Hata chanjo yenye ufanisi wa nusu ina thamani kubwa pale ambapo ugonjwa wenyewe una gharama kubwa.

Kwa umri wake dozi moja kila mwaka inatosha, hata kama ni mara yake ya kwanza. Aombewe ya sindano. Kuhusu wakati, sisi hatuna majira ya baridi kali kama ya Ulaya, na katika nchi za ukanda wetu influenza husambaa karibu mwaka mzima huku ikipanda na kushuka, kwa hiyo usingoje mwezi fulani. Uliza ni toleo la msimu gani, la kaskazini au la kusini, na tarehe yake ya mwisho ya matumizi ni ipi. Chukua lililo jipya kuliko yote waliyonayo.

Ndiyo, safiri naye, baada ya kupiga simu na kuhakikisha kwamba ipo. Usikubali mtu akuletee kichupa kwa basi. Chanjo hii inatakiwa ikae katika nyuzi 2 hadi 8 za sentigredi tangu kiwandani hadi inapochomwa, na ikipata joto la njia ya Dodoma hadi Manyoni, au ikigandishwa na barafu ya mtu asiyejua, inapoteza nguvu bila kubadilika rangi wala harufu. Mkiwa kliniki, ulizeni pia kuhusu chanjo ya nimonia, ambayo iliingia katika ratiba ya watoto wachanga mwaka 2013. Kadi yake itaonyesha kama aliipata, na daktari wake ataamua kama anahitaji nyongeza.

Na hata akishachanjwa, homa kwa mtoto mwenye selimundu hailazwi nyumbani kusubiri asubuhi. Mpeleke siku hiyohiyo, apimwe malaria, akaguliwe kifua na damu, na umweleze daktari lini homa ilianza, kwa sababu ipo dawa ya influenza iitwayo oseltamivir, ambayo hufanya kazi vizuri zaidi ikianza ndani ya saa 48 za kwanza.